Ng'ombe Anaishia Wapi

Kulipokucha tu, Verdiana alianza kuponda mawe.

Aliyaponda kwa nyundo nyuma ya nyumba yake, huko Nyamwaga. Mawe yaliletwa na mumewe, Waitara, kutoka kwenye mashimo ya dhahabu. Miaka ile karibu kila mwanamume mwenye mikono miwili alikuwa amekwenda kuchimba. Mashamba yaliachiwa wanawake. Ng'ombe waliuzwa ili kununua kamba, sururu na chakula cha wachimbaji. Watu walisema dhahabu iko karibu sana. Mwaka uliopita pia ilikuwa karibu sana.

Nyumbani kwa Waitara alibaki ng'ombe mmoja tu, jike mwekundu mwenye pembe pana. Alifungwa kwenye kigingi kando ya migomba.

Verdiana alikuwa amechoka. Mikono ilichoka, mgongo ulichoka, hata masikio yalichoka kwa sauti ya nyundo. Asubuhi aliponda mawe. Mchana alilima. Jioni alipika. Usiku alilala, lakini alilala kama mtu aliyepewa kazi ya kulala, akaamka akiwa amechoka zaidi.

Ndani ya nyumba, binti yake Dorah alikaa juu ya ngozi ya ng'ombe. Dorah alikuwa na miaka minne. Hakuona tangu kuzaliwa. Hospitali walimpima, wakasema macho yake hayatapona, lakini mwili wake ni mzima. Wakamwambia mama ampeleke nyumbani akamtunze.

Basi walimtunza. Nje kulikuwa na moto, nyundo na mashimo yaliyoachwa wazi. Kwa hiyo Dorah aliwekwa ndani. Alilishwa, alivalishwa, alibebwa. Hakutumwa hata kijiko. Alilindwa vizuri sana, hata dunia nzima ikashindwa kumfikia. Mchana kutwa alitikisa mwili mbele na nyuma, akibonyeza macho yake kwa vidole. Maneno yake yalikuwa machache: maji, uji, mama, sitaki.

Asubuhi hiyo ng'ombe alilia nje. Dorah akapiga yowe.

Verdiana aliweka nyundo chini. Bibi Waisiko, mama yake Waitara, alikuwa akichambua maharage mlangoni. Alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Mtoto wa Mkurya anaogopa ng'ombe," alisema Bibi. "Aibu hii tutamwambia nani?"

"Usimwambie mtu, mama."

"Sitamwambia mtu. Nimemwambia mke wa Marwa tu."

Marwa alikuwa ndugu yake Waitara, na mke wake alikuwa na mdomo uliofika Gorong'a kabla ya basi. Verdiana aliingia ndani, akamtuliza mtoto, akarudi kwenye mawe.

Baba yake Dorah hakuwa amekaa tu. Ili mtoto azoee ng'ombe, alimletea ng'ombe wa plastiki kutoka Sirari. Alikuwa ng'ombe mwenye tabia njema. Hakuhitaji majani, hakuugua, na wezi wa mifugo hawakumtamani. Dorah alimpenda, akalala naye. Lakini ng'ombe wa nje akilia, mtoto aliendelea kupiga yowe.

Siku moja Verdiana alizidiwa. Alimwomba wifi yake Agustina, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Kehancha, amchukue mtoto akamlee.

"Mavuno ya mahindi yakiisha nitakuja," Agustina alikubali. "Kwangu ni kimya. Atakaa ndani, hatasumbuliwa."

Tangu siku ile Verdiana hakula vizuri. Alikuwa ameomba kwa sababu ya uchovu. Sasa alikosa nguvu ya kukataa alichokiomba mwenyewe.

Mahindi yalikuwa tayari yameanza kukauka shambani.

*

Jioni moja watoto wa Marwa walikuja kusikiliza hadithi za Bibi. Jioni hiyo Bibi alisimulia hadithi ya ng'ombe aliyepotea mtoni na kurudi nyumbani mwenyewe.

"Alikuwa mweusi hapa, mweupe hapa," Bibi alisema, akijigusa bega na kiuno. "Pembe zake zilikwenda hivi, zikarudi hivi. Akatembea namna hii. Akafika mtoni, maji yako hivi. Akafanya hivi."

Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Dorah alikaa pembeni, akitikisika. Hakucheka. Hakujua wenzake wanacheka nini.

Mlangoni alisimama Akello na chupa tupu ya kuchukulia maziwa. Akello alikuwa Mjaluo kutoka upande wa Kenya. Kwao alifundisha watoto wadogo wasioona. Mumewe alikuja kutengeneza mashine za kusaga mawe, naye akamfuata, wakapanga nyumba ya jirani. Alikuwa mama mnene, mwenye miguu inayovimba, na kila mara alitafuta mahali pa kukaa kabla ya kusalimia.

Alikaa. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Maziwa yapo. Ngoja nimalize, ng'ombe wangu yuko mtoni."

"Nami ningependa kumwona," Akello alisema. "Lakini Bibi, naomba kitu kimoja. Kalia mikono yako, kisha uanze tena."

"Nikalie mikono?"

"Ndiyo. Yote miwili."

Watoto wa Marwa walifurahi kupita kiasi. Bibi aliona kuwa ni ujinga, lakini hakutaka kushindwa mbele ya Mjaluo. Akaikalia mikono yake.

"Palikuwa na ng'ombe," alianza. "Alikuwa mweusi... hapa. Yaani pale. Pembe zake zilikuwa... zilikuwa..." Akanyamaza. Mabega yake yalipanda na kushuka. "Mikono inaniwasha," alisema mwishowe.

"Nusu ya hadithi iko mikononi mwako, Bibi," Akello alisema. "Hawa wanaiona. Dorah haioni. Nusu iliyobaki ni rangi, na rangi kwake ni maneno tu."

Kisha Akello alisogea karibu na ngozi. Hakumgusa mtoto.

"Dorah, mimi ni Akello. Nimekuja kuchukua maziwa. Nimekaa karibu na mguu wako. Umeshika nini?"

Dorah aliacha kutikisika. Ilichukua muda. Verdiana akafungua mdomo amjibie, Akello akamwonyesha ishara angoje.

"Ng'ombe," alisema Dorah.

"Ng'ombe yukoje?"

"Mdogo. Baridi. Ana mstari tumboni."

"Anakula nini?"

"Hali."

"Na maziwa yanatoka wapi?"

"Kwenye kibuyu."

"Na kile kinacholia nje?"

Dorah alimkumbatia ng'ombe wake wa plastiki. "Kile si ng'ombe. Kile kikubwa. Kinataka kuingia."

Hakuna aliyecheka, hata watoto wa Marwa. Bibi aliitazama ngozi. Mjukuu wake alikuwa amemkalia ng'ombe mchana kutwa, amenywa maziwa ya ng'ombe kila siku, na amezaliwa katika ukoo unaohesabu ng'ombe kabla ya kuhesabu watu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwonyesha ng'ombe.

"Tulimwambia," alisema Verdiana kwa sauti ndogo. "Kila siku tulimwambia, yule ni ng'ombe."

"Mlimwambia," Akello alikubali. "Lakini mikono yake ilimwambia kingine, naye akaiamini mikono yake. Mimi pia ningeiamini. Mtoto asiyeona ajifunze kwa kitu chenyewe, si kwa sanamu yake. Sanamu haina joto, haina harufu, haipumui. Ninyi mnaoona mkiitazama mnamkumbuka ng'ombe. Yeye hana wa kumkumbuka."

*

Usiku ule Verdiana alihesabu mambo yake. Mahindi yalikuwa karibu. Kama Dorah angemjua ng'ombe, yowe lingekwisha. Yowe likiisha, pengine angeweza kukaa nje. Akikaa nje, pengine hakuna haja ya Kehancha.

Asubuhi alifanya haraka, kwa sababu mawe yalikuwa mengi. Alimbeba Dorah mpaka kwa ng'ombe, akamshika kifundo cha mkono, akaubandika mkono wake kwenye ubavu wa mnyama.

"Shika. Huyu ndiye ng'ombe."

Ng'ombe alitikisa ngozi kufukuza inzi. Dorah alimng'ata mama yake begani, akalia mpaka sauti ikakauka. Siku hiyo nzima alificha mikono yake kwapani, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hata uji alikataa.

Jioni Akello alipofika, Verdiana hakunyanyua uso.

"Nimemharibu," alisema.

"Ulimshika wapi?"

"Mkono. Nikaupeleka."

"Fumba macho, Mama Dorah."

Verdiana alifumba. Kwa uchovu aliokuwa nao, hilo lilikuwa rahisi. Ghafla mkono wake ulikamatwa, ukavutwa, ukazamishwa kwenye kitu cha baridi kinachoteleza. Aliuchomoa haraka, moyo ukimwenda mbio.

"Ni nini hicho?"

"Ni uji wako mwenyewe, umepoa," alisema Akello. "Umeupika asubuhi."

Verdiana aliutazama mkono wake. Bibi aliutazama uji kwa huruma.

"Mikono ya Dorah ndiyo macho yake," Akello alisema. "Kumkamata mkono ni kama mtu akukamate kichwa, akulazimishe kutazama. Sasa tufanye vingine. Kwanza useme wewe ni nani na unataka kufanya nini. Kisha mkono wako uwe chini, wa mtoto uwe juu. Wewe ndiye unayegusa kitu, yeye anapanda juu ya mkono wako. Akitaka, vidole vyake vitashuka vyenyewe. Akitaka kutoka, anatoka. Mwache."

"Na akikataa?"

"Amekataa. Utajaribu kesho."

"Kesho nina mawe."

"Najua," Akello alisema. Alinyoosha miguu yake iliyovimba, akaitazama. "Mimi sikuambii uongeze kazi. Utamkamua ng'ombe hata hivyo. Utafua hata hivyo. Mwambie unachofanya, mpe nafasi juu ya mkono wako. Ni kazi ileile, ila itakwenda polepole."

Verdiana alitamani kulia. Polepole ndicho kitu ambacho hakuwa nacho.

*

Walianza na hadithi ya Bibi. Akello alileta kikapu kitupu, akasema kila jambo kubwa katika hadithi lipate kitu chake, vitu vichache tu, visimchanganye mtoto.

Kwa mwanzo wa hadithi, Bibi alitoa kamba ya kufungia ng'ombe, ya zamani, yenye harufu ya zizi. Kwa ng'ombe mwenyewe, alitoa usinga wake wa mkia wa ng'ombe. Kwa safari, kengele ya shingoni. Kwa mto, Verdiana alileta karai la Waitara la kuoshea mchanga wa dhahabu.

"Hilo hapana," Akello alisema mara moja. "Mnakamatia dhahabu kwa zebaki humo?"

"Kidogo."

"Hata kidogo ni sumu. Mtoto ananusa, analamba vidole. Karai hilo na vitambaa vyake vikae mbali naye. Na ngozi yake isogezwe, vumbi la mawe lisimfikie. Kwa mto, leta bakuli safi lenye maji na kokoto."

Kwa kurudi nyumbani, Bibi alichagua kibuyu chenye maziwa ya moto. Hapo Akello hakupinga. Alisema tu kwamba na yeye angependa kufika kwenye sehemu hiyo.

Jioni ya kwanza Dorah aliweka mikono kwapani, hadithi ikapita. Jioni iliyofuata aligusa kamba kwa kidole kimoja, akarudisha kidole kama aliyeiba. Bibi alikuwa na haraka ya kufika mtoni, na mara mbili Akello alimkumbusha amngoje mtoto.

"Nikimngoja sana, ng'ombe atazama," Bibi alilalamika.

"Ng'ombe anajua kuogelea, Bibi. Mngoje."

Bibi akangoja. Alikuwa mama mzee ambaye hajawahi kumngoja mtu, wala mvua. Akakaa kimya, mkono wake wenye mikunjo ukiwa juu ya kamba, wazi. Baada ya muda mrefu mkono mdogo ulikuja, ukakaa juu ya wake.

"Inakwaruza," alisema Dorah.

"Ndiyo. Ni kamba. Bibi anaivuta. Unasikia inavyokaza? Ng'ombe anataka kuondoka," alisema Bibi.

"Anakwenda wapi?"

Bibi aliiacha kamba ilegee. Kwa mara ya kwanza mjukuu wake alikuwa amemuuliza kitu kuhusu hadithi.

Siku zilipita hivyo, nyingine mbaya, nyingine nzuri. Verdiana hakupumzika zaidi. Kuna jioni alisinzia kabla ya mto. Lakini kila alipokwenda kukamua alisema, "Dorah, ni mama. Nakwenda kukamua. Hiki hapa kibuyu," akampa mtoto akishike. Dorah akajua kwamba kibuyu kikiwa kitupu na chepesi, wakati wa kukamua umefika. Kwanza alikaa mlangoni na kibuyu chake. Kisha akasogea mpaka kwenye migomba. Ng'ombe akilia, alishtuka, akauliza, "Ni yeye?"

"Ni yeye. Ana njaa."

Asubuhi moja Dorah alifika mwenyewe mpaka kwenye goti la mama. Bibi alimshika ng'ombe kichwa ili atulie. Verdiana aliweka mkono wake kwenye ubavu wa ng'ombe, akangoja. Mkono mdogo ulipanda juu ya wake. Kisha vidole vilishuka, kimoja kimoja, mpaka kwenye manyoya.

"Ana joto," alisema Dorah.

"Ndiyo."

"Anapumua."

"Ndiyo. Mimi na wewe pia."

Dorah alipeleka mkono kushoto, ukaendelea kuwa ng'ombe. Akaupeleka juu mpaka akasimama kwa vidole vya miguu, bado ni ng'ombe.

"Mama, anaishia wapi?"

Verdiana alikuwa na mawe yanamngoja. Alikuwa na mahindi ya kuvuna na maji ya kuchota. Alimbeba mtoto, wakampapasa ng'ombe polepole kwa ubavuni, kutoka shina la mkia, mgongoni, nunduni, masikioni, hadi kwenye pembe pana. Hawakupita nyuma ya miguu, kwa kuwa hata ng'ombe mpole ana siku zake. Kwenye pua, ng'ombe aliulamba mkono wa Dorah. Dorah alipiga yowe, kisha akaurudisha mkono ili alambwe tena.

*

Agustina alifika mahindi yakiwa yameanikwa uani. Alileta kitenge cha kumbebea mtoto na gauni jipya. Alikuwa mwanamke mwema na mwenye haraka. Alimkuta Dorah amekaa nje, karibu na Bibi. Akaenda moja kwa moja, akamnyanyua kutoka nyuma.

Dorah alikakamaa.

"Weka chini," alisema. "Sema kwanza wewe nani."

Agustina alimweka chini. Maishani mwake hakuwahi kuambiwa hivyo na mtu mfupi kiasi kile.

"Mimi ni shangazi yako. Agustina."

"Unataka nini?"

Agustina alimtazama Verdiana. Verdiana aliyatazama mahindi.

"Nataka kukusalimia," alisema shangazi.

"Basi kaa. Bibi yuko mtoni."

Akakaa. Alisikiliza hadithi yote, na kila mara Bibi aliporuka sehemu, Dorah alimrudisha. Zamu ya kengele ilipofika, mtoto aliipiga karibu na sikio la shangazi yake, akamwambia asiogope, ni ng'ombe tu.

Baadaye wanawake wawili walisimama kando ya migomba.

"Sikujua anaongea," Agustina alisema.

"Hata mimi sikujua."

"Nimeandaa chumba, wifi. Ni chumba kizuri, kimya."

Verdiana aliegemea mgomba. Miguu ilimuuma, na alitamani kukubali ili tu akakae.

"Ukimchukua, utampeleka kwa ng'ombe wako?"

"Mimi niko sokoni toka asubuhi. Atakaa ndani na msichana wa kazi."

"Basi haendi," Verdiana alisema. "Mimi ndiye niliyekuomba, na mimi ndiye ninayekataa. Unisamehe. Nimechoka vilevile kama siku ile. Lakini haendi."

Agustina alikunja kitenge chake. Hakukasirika sana. Aliacha gauni, akachukua maziwa, na kabla ya kuondoka alikwenda kumuaga Dorah kwa utaratibu: akasema jina, akasema anachotaka, akanyoosha mkono, akangoja. Aliwekewa vidole viwili. Wengine walikuwa wamengoja siku nyingi kupata kimoja.

Kesho yake Verdiana alirudi kwenye nyundo. Dorah alikaa mbali kidogo na vumbi, pamoja na watoto wa Marwa, wakigombea zamu ya kengele. Mtoto aliyekuwa na maneno manne sasa alikuwa na maswali yasiyohesabika, na mama yake aliyapokea moja moja kama mtu anayepokea mizigo.

"Mama."

"Sema."

"Unaponda nini?"

"Mawe. Tunatafuta dhahabu."

"Dhahabu ikoje?"

Nyundo ilibaki hewani. Verdiana alifikiri. Mwaka mzima alikuwa ameponda mawe yake. Dhahabu kidogo iliyopatikana, Waitara aliikamata mwenyewe kwa zebaki, akaenda kuiuza mashimoni. Yeye hakuwahi hata kuishika.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Aliweka nyundo chini. Alinawa mikono yake kwa maji safi. Kisha alichagua jiwe moja zima, ambalo halijapondwa, akaliosha, akaenda kukaa karibu na binti yake.

"Ni mama," alisema. "Nina jiwe. Mkono wangu uko hapa."